Mfereji Uliopandwa Vitunguu

Bwana mmoja, jina lake Silvano, alikuwa na shamba pembeni mwa barabara ya Warumi. Na nikisema barabara, jamani, sisemi hivi vichochoro vyetu. Wale watu walichimba mpaka wakafika penye udongo mgumu, wakapanga mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake tena mawe bapa, na katikati wakainua kidogo ili maji yateremke pembeni. Kila upande wakachimba mfereji. Wanajeshi walipomaliza kujenga wakaenda zao, na kila mwenye shamba akaachiwa kipande kinachopita mbele yake. Kazi yenyewe nini? Kuzibua mfereji kabla ya mvua. Basi! Hakuna aliyeambiwa ajenge, wala abebe jiwe.

Silvano akauangalia mfereji, akaona una udongo mweusi mzuri. Akaufukia akapanda vitunguu. Ndiyo, vitunguu! Nacheka, lakini naudhika.

Jirani yake Marsela, mjane mwenye mdomo kama wangu, akamfuata na jembe begani. "Shemeji Silvano, ukiziba hapa barabara itaoza."

"Shemeji, mie nina safari gani?" Silvano akamjibu. "Ngano ninayo, mafuta ninayo, kisima kiko uani. Wanaosafiri ndio wazibue."

Marsela akarudi kwake akazibua kipande chake. Wengine nao wakazibua vyao. Mvua ikanyesha, maji yakatuama mbele kwa Silvano. Ikanyesha nyingine, mawe yakaanza kucheza. Miaka ikaenda hivyo hivyo, pale mbele pakawa tope la kumeza punda. Alihangaika? Hata kidogo! Vitunguu vilistawi.

Halafu Fausta, mke wa mwanawe, akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Wanawake wa pale wakajaribu wakashindwa, wakasema aitwe mkunga wa mjini, maana yule ana mikono ya kumgeuza mtoto. Mume wa Fausta akatoka mbio kwenda kumwita. Mkunga akapanda gari la punda, na njia nzima gari lilikwenda kama liko juu ya sakafu, mpaka mama wa watu akasinzia. Akaja kushtukia gurudumu limezama, punda wamezama, na yeye mwenyewe, mnene vile, yuko kwenye tope la kiunoni. Wapi? Mbele kwa Silvano.

Silvano akatoka anapiga kelele. "Haraka, mama! Watanifia hawa!"

Mkunga akamtazama akasema, "Kutoka mjini sijakwama popote, baba. Nimekwama mlangoni kwako."

Wakamvuta kwa kamba, wakahangaika, na huku ndani sauti ya Fausta inazidi kufifia. Mkunga alipofika kitandani, Fausta alikuwa bado anapumua, na alipona. Mtoto hakuwahiwa.

Sasa ungedhani mtu kama huyo atashika jembe. Thubutu! Watu wamekaa msibani, Silvano anawaambia Warumi walijenga ovyo. Anasema hivyo mbele ya Marsela, ambaye kipande chake kimeungana na hicho hicho cha Silvano, kikavu, kimenyooka! Mwanamke akajifunga shuka lake akaondoka bila kuaga. Hata mimi ningeondoka, maana ningebaki pale ningesema mengine.

Warumi wameshakufa, Silvano naye ameshakufa, na wajukuu wa wale majirani bado wanapitisha magari yao juu ya mawe yale yale. Mbele kwa Silvano tu ndipo watu wanapandisha nguo na kuzungukia shambani, huku wakimtaja kwa ubaya.

Nyie mnaosema hamna safari, nani aliwadanganya kwamba njia ni ya kuondokea tu?