Kibibi na Zamu ya Asubuhi

Nani kati yenu hajawahi kumwonea mwenzake kijicho? Anyooshe mkono.

Naona mikono mingi, na uongo mwingi. Shusheni, tuanze.

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Basi, hapo kale, katika nchi ya mbali yenye tambarare na udongo mwekundu, waliishi ndege waitwao kakatua. Kifua cha waridi, mgongo wa kijivu, na kichwani kishungi kinachosimama chenyewe wakishtuka. Dume ana macho ya kahawia, jike ana macho mekundu. Kwa hiyo msidhani macho ya Kibibi yalikuwa mekundu kwa wivu. Hayo alizaliwa nayo. Wivu ulikuja baadaye.

Ulikuja siku Mbaruku alipomuoa Zamda.

Kibibi na Mbaruku walikua pamoja tangu vifaranga, kwenye mti mmoja, wakinyang'anyana mbegu. Kibibi alijua moyoni mwake kwamba huyu ni wake. Kosa ni kwamba hakumwambia mwenyewe Mbaruku.

Na kakatua wakishaoana, wameoana. Hakuna mke wa pili, hakuna talaka, hakuna "tutaona mbele ya safari". Mbaruku na Zamda walipata pango zuri kwenye shina la mti mnene. Wakabandua magome mlangoni mpaka pakawa laini. Wakatandika majani mabichi ndani, na kila asubuhi wakayabadilisha.

Kibibi alikuwa akiwatazama. Wakibandua, anatazama. Wakitandika, anatazama. Wakikunana vichwa, ndiyo kabisa, anatazama mpaka shingo inamuuma.

"Shoga, huendi kula?" Zamda humuuliza.

"Nimeshiba," hujibu Kibibi, na tumbo tupu.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kakatua wakishuka chini kufukua mizizi na kuokota mbegu, mmoja hubaki juu ya mti. Ndiyo zamu yake. Akiona hatari, anasimamisha kishungi, anapiga kelele mara tatu: Kriii! Kriii! Kriii! Wote wanaruka. Tangu dunia iwe dunia, hakuna aliyewahi kuivunja zamu.

Siku moja, asubuhi, zamu ikawa ya Kibibi.

"Shoga, kuko salama huko juu?" akauliza Zamda kutoka chini, mdomo umejaa udongo.

"Salama. Kula tu."

Basi zimwi likatokea nyuma ya kichuguu. Jicho moja, jino moja refu kama mchi, na gunia begani. Likapiga hatua ya kwanza. Kibibi akaliona, akanyamaza. Likapiga hatua ya pili. Kibibi akaliona, akanyamaza. Likapiga hatua ya tatu, likainua jicho lake, wakatazamana. Kishungi cha Kibibi kikasimama chenyewe. Akakilaza kwa nguvu. Akanyamaza.

Zimwi likamkonyeza, likamdaka Zamda, likamtia guniani.

Hapo ndipo Kibibi akapiga kelele: Kriii! Kriii! Kriii! Kelele nzuri sana. Za kuchelewa.

"Jua lilinipiga machoni!" akalia. "Jamani, jua lilinipiga machoni!"

"Pole, Kibibi," wakamwambia wote. "Pole, mwanangu," akamwambia Bi Shuweka, mkubwa wa kundi. Wakampa pole mpaka akaanza kuuamini uongo wake mwenyewe.

Siku ya kwanza Kibibi akampelekea Mbaruku mbegu. "Kula, Mbaruku."

"Nitakula akirudi Zamda."

Siku ya pili akampelekea majani mabichi ya pangoni. "Nikutandikie, Mbaruku? Ya zamani yamekauka."

"Yatabadilishwa akirudi Zamda."

Siku ya tatu akaja mikono mitupu, kama wangekuwa na mikono. "Basi njoo nikukune kichwa."

Mbaruku akamtazama kama anayemtazama mgeni. "Kibibi, zimwi hulifunga windo siku tatu kabla ya kulila. Siku mbili nimelitafuta; leo ni ya tatu, na limeonekana kichuguuni. Wewe unazungumzia kichwa?"

Akaruka. Kundi zima likamfuata mpaka kwenye kichuguu. Gunia lilikuwa juu yake, limefungwa kamba nyeusi. Zimwi lilikuwa limelala kando, linakoroma.

Mbaruku akaing'ata kamba. Mdomo wa kakatua huvunja mbao, lakini kamba haikukatika hata uzi mmoja. Akang'ata mpaka mdomo ukatoka damu, kisha akalikumbatia gunia kwa mabawa yote mawili. Na Kibibi, Mungu amsamehe, akaona wivu hata wa gunia.

Zimwi likaamka. Halikukasirika. Likacheka.

"Ng'ateni mpaka kesho! Kamba hii nimeisokota kwa ukimya wa mmoja wenu. Aliniona akanyamaza. Akitamka mwenyewe mbele yenu, italegea. Asipotamka, nakula jua likizama. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijapata kumwona mwenye kutamka!"

Kakatua wakatazamana.

"Si mimi!" akasema wa kwanza.

"Si mimi!" akasema wa pili.

"Si mimi, naapa kwa mama yangu!" akasema wa tatu.

"Zamu ilikuwa ya nani?" akauliza Bi Shuweka.

Macho yote yakamgeukia Kibibi. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya ardhi.

Kabla hajafungua mdomo, sauti ndogo ikatoka guniani. "Msimsumbue shoga yangu. Jua lilimpiga machoni. Mbaruku, nisiporudi usimwache peke yake, yeye hana mtu."

Mbaruku akageuza kichwa chenye damu. "Umemsikia, Kibibi. Sitakuacha."

Hayo ndiyo maneno Kibibi aliyoyasubiri tangu utotoni. Yalipofika, akaona ni Zamda aliyempatia, kutoka guniani.

Kishungi chake kikasimama. Safari hii hakukilaza.

"Jua halikunipiga machoni," akasema. "Nililiona zimwi. Nililiona hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka Mbaruku. Ni mimi."

Hadithi yangu imeishia hapo, kamba ikianza kulegea. Na funzo lake ni hili: kuona wivu kunampata kila mtu, lakini aliyeiona hatari akanyamaza amefanya jambo baya, na ni lazima aliseme kwa kinywa chake.