Mama Pimbi na Ngoma ya Nyama

Sogeeni karibu, wanangu. Zamani sana, wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyungu vyao na hata merikebu zao, Mama Pimbi alirudi kutoka kisimani akakuta mlango umevunjwa. Mwanawe Kidoti hayupo, wala watoto wa jirani.

Fisi walikuwa wamepita.

Baharini zilionekana merikebu zao tano kubwa za tanga, zimeongozana kuelekea nchi ya fisi. Kesho yake huko ilikuwa sikukuu, na kitoweo chake ni wale watoto.

Mama Pimbi alikuwa na manowari moja tu, ndogo, yenye mzinga mmoja. Akamwomba Kobe ashike usukani, wakaufuata msafara.

"Mama Kidoti," Kobe akasema, anatetemeka mpaka gamba linagonga, ko, ko, ko, "wale ni wengi. Tuwapige mzinga tukimbie."

"Nipige merikebu ipi, mjomba? Sijui mwanangu yumo katika ipi."

"Basi turudi. Mimi nyumba yangu iko mgongoni. Nikizama, nazama na kila kitu."

"Na mimi kila kitu changu kimo mle."

Kobe akakaza usukani.

Ukungu ukashuka, mzito, wasione hata tanga lao. Walisikia tu maji, chwa, chwa, na cheko la fisi, karibu sana. Merikebu moja ikapita ubavuni mwao, nyeusi kama ukuta. Ndani yake mtoto alikuwa analia. Mama Pimbi akaijua sauti ile. Akauma kanga yake ili asiitike.

Mara ngoma ikalia kwenye merikebu ya Jemadari Fisi: ndu-ndu, pa. Ndu-ndu, pa.

"Nyama hiyo," fisi wa merikebu ile ya watoto wakaambiana. "Shusheni mashua, upesi!"

"Wewe baki ulinde watoto."

"Nibaki nile nini? Kalinde mwenyewe."

Wakaondoka wote. Kwao, ngoma hiyo ikilia, anayechelewa hukuta mifupa. Lakini Jemadari hakuwa mbali. Kabla Kobe hajageuza manowari, walinzi walikuwa wamesharudi, wanalamba midomo.

Mama Pimbi akakaa chini. Ukungu ulipopasuka kidogo akaona ndege korongo amesimama katikati ya bahari, maji yanamfika magotini.

"Mjomba, pale pana fungu la mchanga. Sisi wadogo tutapita juu yake?"

"Tutapita kwa kukwaruza. Wao hawapiti. Na maji yanakupwa."

Wakavuka fungu, krrr, krrr, wakasimama upande wa pili. Mama Pimbi akamwaga maji ya kunywa yaliyokuwa katika pipa, akalipindua, akaanza kulipiga kwa mikono miwili. Ndu-ndu, pa. Ndu-ndu, pa.

Kwenye merikebu ya Jemadari, mpishi alishtuka. "Ngoma ninayo hapa, bwana. Sijapiga mimi."

"Kumbe kuna wanaokula kwa siri," Jemadari akanguruma. "Geuza!"

Merikebu nne zikakimbilia sauti, kila moja ikitaka kuipita nyingine. Walinzi wa watoto wakarukia mashua tena. Ngoma ikazidi, na merikebu zikazidi kukaribia, mpaka Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Gwaaa! Ya kwanza ikapanda mchangani. Ya pili ikaigonga. Zote nne zikakwama, na mashua ya walinzi ikabanwa katikati yao.

"Toa kichwa, mjomba. Twende."

Wakazunguka fungu, wakafuata kilio ndani ya ukungu mpaka merikebu iliyoachwa peke yake. Mama Pimbi akakata kamba walizofungwa watoto, wakashuka mmoja mmoja. Kidoti alikuwa wa mwisho, baridi kama samaki.

Ukungu ulipoondoka, Jemadari aliwaona wanakwenda. "Wapigeni mizinga!" Lakini maji yalikuwa yamekupwa na merikebu zimelala ubavu. Mizinga ya upande mmoja ilitazama tope, na ya upande wa pili ilitazama mawingu.

Kidoti alikuwa bado anatetemeka. "Mama, niliposikia ile ngoma ya pili, nilijua sasa wanakuja kunila."

"Aliyeipiga ni mama yako," Kobe akamwambia.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayeogopa kwamba wenzake watamaliza chakula, hata adui akimwita ataitika.