Kamera Kipofu ya Mzee Shemweta

Sogeeni. Mwenye usingizi akanawe uso, maana mwishoni nitauliza swali, na jibu la "sijui" silipokei.

Wapo waliokufa wakaacha ng'ombe, wapo walioacha mashamba. Mzee Shemweta wa Lushoto aliacha kamera moja, tena kipofu.

Ilikuwa kamera ya filamu, ya chuma, nzito kama jiwe la mizani. Kwa miaka arobaini aliwapiga nayo picha maharusi, wanafunzi na watoto wachanga, kila mmoja akiwa na mlima wa ng'ambo nyuma yake. Kisha siku moja aliteleza kwenye ngazi za studio. Kamera ikatangulia chini, lenzi ikapasuka vipande vipande. Mzee akavunjika nyonga, na wiki ya pili akafariki. Kabla hajakata kauli alimwambia mkewe, watoto wote watatu wakisikia: "Kamera hiyo msiiuze wala msiigombanie. Iwe ya yule atakayeifanya ione tena."

Matanga yalipokwisha, mama alitaka picha ya mumewe aitundike sebuleni. Wakapekua masanduku, wakapekua bahasha, wakapekua hadi chini ya godoro. Picha za watu zilijaa mkeka mzima, lakini ya mzee mwenyewe haikuwepo hata moja. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini hili lilipita kiasi. Mtu aliyeuhifadhi mji mzima alikuwa amejisahau yeye.

Sasa wasikieni hao watoto. Hoza, kifungua mimba, alikuwa mkereza vyuma, na ukimpa chuma cha umbo lolote alikurudishia umbo ulilotaka. Sikudhani, binti pekee, alikuwa fundi saa mwenye subira ya kukaa kutwa na kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Mbaruku, kitinda mimba, aliuza vitu vya zamani gulioni, na jicho lake lilijua kizima na kibovu kabla mwenye mali hajafungua mdomo.

Mbaruku ndiye aliyeanza. Lenzi za kamera ile hazikupatikana tena, hivyo ikabidi atafute ya kamera nyingine. Watu wakamcheka, lakini yeye alijua jambo moja alilofundishwa na baba yake: lenzi iliyozoea kukaa mbali na filamu unaweza kuiwekea pete kati yake na kamera ikatulia, ila iliyozoea kukaa karibu, pete itaisogeza mbali zaidi na haitaona mlima kamwe. Alizunguka Korogwe, akashuka Tanga, akazikataa lenzi kumi na tatu. Hii ilikuwa na ukungu ndani, ile ilikuwa na mkwaruzo, nyingine ilikuwa ya kukaa karibu. Ya kumi na nne aliiinua kwenye mwanga, akaitazama mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Hii."

Hoza akapokea. Mdomo wa lenzi haukulingana na mdomo wa kamera, mmoja mpana, mwingine mwembamba, hata njia za kufungia zilikuwa tofauti. Alitafuta shaba kwenye pampu ya maji iliyokufa, akaikereza siku nne, akaharibu pete mbili na kutukana kwa lugha tatu. Pete ya tatu ilishika lenzi upande huu na kamera upande ule, ikafunga kwa mlio mmoja mtamu. Aliiacha nene kidogo kwa makusudi. "Chuma kikizidi hupunguzwa," alisema. "Kikipungua, utakilisha nini kinenepe?"

Ikabaki zamu ya Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kupunguza ule unene mpaka mlima uonekane sawasawa. Ili ajue umefika, alipaswa kuweka karatasi nyembamba mahali filamu inapokaa, kisha aitazame taswira kwa lenzi yake ya jichoni. Aliketi mlangoni penye mwanga mzuri wa saa nne asubuhi, akavuta kitasa, akafungua mgongo wa kamera.

Ndani mlikuwa na filamu.

Aliufunga mgongo kwa kishindo, lakini jua lilikuwa limekwisha kuingia, na filamu isiyosafishwa ikipigwa na jua imekwisha habari yake. Jamani, pale studio kulikuwa na sheria moja ambayo mzee aliwafundisha kabla hawajajua kusoma: zungusha kwanza, fungua baadaye. Zungusha kile kishikio cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito, ndani mna picha za watu. Tena juu ya kamera palikuwa na kidirisha cha namba, na kidirisha kilionyesha tisa, yaani picha nane zimekwisha kupigwa. Yeye, mtu wa kusoma mishale ya saa kuanzia asubuhi hadi jioni, hakukisoma. Aliishika kamera kama maiti, na maiti haulizwi amebeba nini.

Aliirudisha filamu kwenye kikopo chake, akakitia ndani ya kopo la springi za saa. Hakumwambia mtu. Kisha akafanya kazi yake, maana angefanya nini kingine? Kwa siku tatu aliisugua pete juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo, mara tano, akapima. Mara mbili, akapima. Mwanzoni mlima ulikuwa ukungu mtupu. Siku ya tatu ulisimama kwenye ile karatasi, kichwa chini miguu juu, na kila mti na tawi lake. Alicheka, halafu akalikumbuka lile kopo na kicheko kikamkauka.

Wakaweka filamu mpya. Mama aliketi kwenye benchi mbele ya studio, mlima nyuma yake, na kila mtoto akambonyezea picha moja. Mama mwenyewe ndiye aliyezisafisha, kwa kuwa kwa miaka yote ile mume alipiga na mke akasafisha. Alitoka chumba cha giza na picha zikichuruzika maji. Ungeweza kuihesabu miti ya ng'ambo.

"Imeona," mama alisema.

Basi ugomvi ukaanza hapo hapo.

"Bila lenzi mngefungia nini?" alisema Mbaruku. "Kumi na tatu nilizikataa! Mngechukua ya kwanza, nyie."

"Lenzi yako bila pete ni kioo cha kuchezea watoto," alisema Hoza.

"Na pete yako bila dada ilikuwa bangili," Mbaruku akamjibu.

Wote wakamgeukia Sikudhani wasikie na yeye anadai nini. Hakudai kitu. Alikuwa anamtazama mama, aliyeziweka picha magotini na kuanza kulia taratibu.

"Kamera imeona, wanangu, nashukuru. Lakini uso wa baba yenu sitauona tena. Juzi nimeamka nikijaribu kukumbuka masharubu yake yalikaaje, nikashindwa."

Sikudhani aliingia ndani, akarudi na lile kopo.

"Mama, hii ilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya kamera. Niliifungua, mchana kweupe."

Hoza alimtazama dada yake kana kwamba hamjui.

"Hukuzungusha?"

"Sikuzungusha, kaka."

Mama alikitwaa kile kikopo kwa mikono miwili, akajifungia chumba cha giza. Alipotoka na filamu, walipiga kelele wote watatu. Ilikuwa nyeusi ti, picha ya nane nyeusi, ya saba nyeusi, ya sita nyeusi. Kwenye ile ya tano, Mbaruku aliketi chini kama aliyekatwa miguu, akasema siku ya Idd baba aliwapiga picha yeye na wanawe, na sasa basi tena. Lakini filamu hujiviringisha, na mizunguko ya nje ilikuwa imeikinga ile ya ndani kabisa. Picha ya kwanza ilikuwa imeungua nusu tu.

Wakaingia wote chumba cha giza chini ya taa nyekundu. Mama akaimulika ile picha juu ya karatasi, akaitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa, akalitikisa. Karatasi ikakaa nyeupe. Ikapata kivuli. Kisha masharubu yakatokea.

"Yallah!" Hoza alipiga yowe.

Alikuwa baba yao. Upande mmoja umeliwa na mwanga, upande wa pili ni yeye mwenyewe, mdomo wazi, jicho moja limefumbwa kwa kicheko, na mkono wa kulia umenyooshwa mbele.

"Ni mimi niliyempiga," mama alisema, na sauti haikuwa yake. "Aliweka filamu mpya, nikamnyang'anya kamera kwa utani. Akawa anasema, 'Nipe, nipe, unatikisa!' Nimeitafuta picha hii tangu azikwe. Nilipoikosa nikadhani sikuwa nimebonyeza."

Walilia wote, kisha wakatoka juani, na ubinadamu ukarudi palepale ulipoachwa.

"Mama," alisema Hoza, "sitaki kumsema dada vibaya. Lakini wasia ulisema kuifanya ione. Yeye ameipofusha picha saba za mwisho za baba. Mimi ningezungusha."

"Ungezungusha baada ya kutukana," alisema Mbaruku. "Na picha hii ungeijua wewe? Ameitoa mwenyewe. Angeitupa shimoni, nani angemuuliza? Ila mama, lenzi ni yangu, hilo nalo lisisahauliwe."

"Mpeni yeyote," alisema Sikudhani. "Mimi mkono wangu hauwezi kuigusa." Lakini macho yake hayakubanduka kwenye kamera, na mama aliliona hilo.

Mama aliitundika ile picha sebuleni, na chini yake akaweka meza, na juu ya meza akaiweka kamera, na lenzi yake ya kigeni na pete yake ya shaba. Kila anayeingia humkuta mzee amemnyooshea mkono: nipe, nipe. Watoto watatu huja kila Ijumaa, wakala, wakaitazama, wakaondoka mikono mitupu. Mama anazeeka, naye anasema hatakufa kabla hajaitoa.

Haya, nyie mliosikiliza hadi mwisho. Yupo aliyezikataa mbovu kumi na tatu akaleta lenzi nzima. Yupo aliyeziunganisha zilizokataana. Yupo aliyeupa mlima miti yake, akaunguza picha saba, na akaitoa ile moja iliyobaki kwa mkono wake mwenyewe. Mkimtoa mmoja wao, kamera ni kipofu. Kamera ni moja, na mwenye mali ameshanyoosha mkono ukutani.

Je, wewe ungeiweka mikononi mwa nani, kisha ukamtazama mzee usoni?