Mgeni wa Sikitu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nyumba, nyumba ikawa na mlango, mlango ukagongwa. Mlioshiba sogeeni, wenye njaa sogeeni zaidi, maana ngano haijazi tumbo lakini hulinyamazisha.

Hapo kale palikuwa na mjane, jina lake Sikitu. Mumewe, Mwinshehe, aliuawa na nyati njiani, akienda shamba lao la ng'ambo ya mto. Watu wakazika, wakalia, arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwake. Sikitu akabaki na watoto na lile shamba. Na masika hayo yanakuja, jamani. Asiyelima kabla ya mvua atawalisha nini wanawe?

Asubuhi moja akachukua jembe. Hajavuka kizingiti, akasikia, "Hodi hapa."

"Karibu."

Akaingia mgeni mwembamba, macho yamemtoka. "Mimi Hofu," akasema. "Unakwenda wapi, mama?"

"Shamba."

"Usiende, mama. Nyati yupo. Kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko."

Sikitu akakikumbuka kilio kilichokuja kwake. Akarudisha jembe. Na kwa kuwa mgeni ni mgeni, akampikia wali wa nazi. Hofu akala, akajinyoosha mkekani.

Siku ya pili Sikitu akashika jembe.

"Usiende, mama. Nyati yupo."

Akarudisha jembe, akapika mchele uliobaki. Hofu akala, akanenepa. Watoto wakala ukoko. Mnacheka? Nyinyi hamjawahi kumlisha huyu? Haya, tuendelee.

Siku ya tatu Sikitu akashika jembe.

"Usiende, mama. Nyati yupo. Kwa shujaa huenda..."

"Kilio, nimesikia," akasema Sikitu. "Na kwa mwoga huenda kicheko. Sasa mgeni wangu, humu ndani umemsikia nani akicheka?"

Hofu akawatazama watoto. Wamejikunja pembeni, kimya, matumbo yako mgongoni.

"Wazee walisema," Sikitu akaendelea kwa upole, maana hakumchukia, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo siku yako. Shika."

Akampa jembe la marehemu. Hofu angefanyaje? Kala chakula cha watu, adabu imembana. Akalitia begani.

Wakatoka. Hofu anatetemeka, Sikitu anatetemeka. Msidhani kuna aliyekuwa na nafuu. Walipofika mtoni, Hofu akamvuta kanga.

"Mama, njia hii inapita kwenye matete. Nyati hulala humo."

Sikitu akasimama. "Kumbe unajua anapolala?"

"Ndiyo kazi yangu, kujua."

"Mbona hukuniambia? Siku zote ulisema nisiende tu."

"Hukuniuliza, mama. Ulinipa wali."

Sikitu akashusha pumzi. Wakayaacha matete, wakazungukia juu kwenye mawe, njia ndefu lakini nyeupe, unaona mbele na nyuma. Wakafika shambani, hakuna aliyeguswa hata na mwiba.

Hapo Sikitu akamgeukia. "Sasa niambie. Nani alikutuma kwangu?"

"Wewe," akasema Hofu. "Siku ya mazishi uliwatazama wanao, ukasema moyoni: nami nikienda, hawa watabaki na nani? Uliposhika jembe tu, nikaja mbio."

Sikitu akalia. Alilia pale pale kwenye magugu, akajifuta kwa pindo la kanga. Siku zote alidhani amemkaribisha adui, kumbe aliyekuwa akila wali wake alikuja kwa sababu ya watoto.

"Basi tunawapenda sote," akasema. "Lakini kwa mapenzi yako ya kuwaweka ndani, tungewazika kwa njaa. Panda kichuguu kile, utazame matete. Ukimwona nyati, nipigie kelele. Usipomwona, usiseme yupo."

Hofu akapanda. Akakodoa macho. Sikitu akainama, akalima tuta la kwanza, akalima la pili, jasho likamtiririka. Alikuwa katikati ya la tatu Hofu alipoita kutoka juu.

"Mama."

Jembe likasimama hewani. "Umemwona?"

"Simwoni."

"Basi teremka," akasema Sikitu, "tulime."

Ngano yangu imefika hapo. Iliyoiva kuleni, mbichi niachieni niivundike mwenyewe.