Shavu la Bibi Arusi

Hapo kale Bi Mize, fukara mwenye ulimi mtamu, alikuwa anamwoza mpwawe kesho yake, na nyumbani hapakuwa na mafuta ya kumpaka. Akaenda naye dukani kwa tajiri Nassibu.

"Kopo hili bei ya mbuzi," Nassibu alimwambia. "Lakini ngozi itang'aa wiki nzima, hata aoge kwa sabuni."

"Nitajuaje, mwanangu? Mpake shavu moja nilinganishe."

Akampaka. Shavu likang'aa kama kioo.

"Haya, nunua."

"Sina kitu, baba. Mwali, twende zetu."

"Na shavu la pili?" Nassibu aliuliza.

"Libaki hivyo hivyo. Wageni wakiuliza, nitawaambia ni mafuta ya Nassibu, yaliishia puani."

Nassibu akamkabidhi kopo zima, bei asiitaje tena.