Sabufa ya Mzee Mihayo

Ukinunua ngurumo, uliza ukuta. Nimewaambia hivyo kwa sababu mmeingia dukani kwangu mkaenda moja kwa moja kwenye sabufa kubwa kuliko zote, hata salamu mmenipa mkiwa mmeshaikumbatia. Sasa mnacheka, mnauliza ukuta unaulizwaje. Kaeni kwenye hilo benchi. Msemo huu mnausikia mji mzima, mpaka sokoni kina mama wanausema, lakini ulizaliwa juu ya meza hii hii na mimi nilikuwepo. Ulianza hivi.

Zile kota za reli nyuma ya stesheni zimejengwa mbilimbili, nyumba mbili ukuta mmoja katikati. Namba tisa alikaa Mzee Mihayo, dereva wa treni mstaafu. Injini zilimmaliza masikio, ukitaka kuongea naye ilibidi umsogelee. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali. Starehe yake ilibaki moja, muziki wa dansi wa zamani siku ya Jumapili baada ya kula, kwenye seti aliyoletewa na mwanawe. Sauti za waimbaji hazikumfikia vizuri tena. Besi ndiyo aliyoisikia, tena kwa kifua.

Namba kumi alikaa Bi Nyanzala, mjane, peke yake. Alikuwa na pumu mbaya. Pumu ikimbana hawezi kupiga yowe, hiyo pumzi ya yowe ataitoa wapi? Kwa hiyo akapatana na Mihayo. Kando ya kitanda chake aliweka mchi. Hali ikiwa mbaya anagonga ukuta mara tatu. Upande wa pili Mihayo aliegemeza kiti chake kwenye ukuta ule ule, na kitanda pia, ili mchi ukigonga ausikie mgongoni. Akiusikia anatoka mbio, anampakia kwenye pikipiki, wanakwenda zahanati. Mara nne mchi uligonga, na mara nne Mihayo alifika. Bi Nyanzala alizoea kusema, "Mimi pumzi yangu iko kwa jirani."

Hayo yote mimi sikuyajua wakati ule.

Siku moja sabufa ya Mihayo ikafa. Akaja nayo imefungwa kwenye shuka. Nikaifungua, nikakuta koili imeungua na karatasi ya spika imechanika. Ilikuwa ya inchi nane. Nilikuwa na nyingine kama hiyo kwenye rafu, na chini yake nilikuwa na dude la inchi kumi na mbili, kasha nimelitengeneza kwa mikono yangu, mbao ya mninga. Nilijivunia kasha lile, sifichi. Nikaliwasha ili alione tu. Mihayo akaweka kiganja juu yake, akafumba macho.

"Hii naisikia, Fundi," akasema. "Hii naisikia kama zamani."

Nikamuuliza maswali ya kazi. Amplifaya yake ina nguvu gani, chumba kina ukubwa gani, nyaya ni nene au nyembamba, umeme wa kota unatulia au unarukaruka. Akajibu yote. Kusema kweli, kwa chumba kile inchi nane ilitosha, na nilijua. Lakini mzee alishafurahi, na mimi nilitaka kasha langu lisikike mtaani. Nikamwambia Jumapili nitakuja kuifunga mwenyewe.

Jumapili nilifika saa nane mchana. Nikapima chumba kwa hatua, nikaiweka sabufa pembeni, kwenye ukuta wa katikati, maana kwenye pembe besi hunenepa. Nikaunganisha nyaya, nikafungulia. Vikombe kabatini vikaanza kutembea. Mihayo amekaa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, anatabasamu kama bwana harusi, ananiambia ukuta mzima unamkanda mgongo.

Katikati ya wimbo nikasikia kitu. Tuk, tuk, tuk. Kilikuwa nje ya mapigo ya ngoma. Sikio la fundi halikubali jambo kama hilo. Ukisikia mgongano ndani ya besi, unajua kuna kitu kimelegea. Nikadhani ni kasha langu, nikaona aibu. Nikachukua bisibisi nikakaza skrubu zote. Tuk, tuk, tuk, ikarudi, safari hii kwa unyonge. Nikatazama ukutani. Palikuwa na picha ya marehemu mkewe ndani ya fremu ya kioo. Nikasema, ehee, kumbe mchawi ni huyu. Nikaitungua, nikailaza mezani, nikasikiliza tena. Hakuna kitu. Besi safi kabisa.

"Kulikuwa na kitu kinagonga," nikamwambia Mihayo sikioni. "Nimekiondoa."

Akanishukuru. Nikanywa soda yake, nikaenda zangu nyumbani nikipiga mluzi.

Jioni ile mpwa wake Bi Nyanzala alimletea mboga, akamkuta sakafuni, mchi mkononi, ameshakufa. Nilikwenda msibani kama watu wengine. Wanawake walikuwa wanaonyeshana mahali plasta ya ukuta ilipobanduka kwa mchi. Nikapima kwa macho, kazi yangu ndiyo hiyo, kupima. Ilikuwa usawa wa ile picha, kwa upande wa pili. Niliondoka bila kumuaga mtu.

Walipokwisha kuanua matanga, Mihayo akaja hapa na sabufa kwenye toroli. Akaipandisha juu ya meza hii.

"Fundi, masikio yangu unayajua," akasema. "Na mgongo wangu siku ile ulikuwa unatikisika wote, nisingeweza kutofautisha. Wewe masikio yako ni mazima. Ulisikia kitu?"

Ningeweza kusema sikusikia. Nani angenibishia?

"Nilisikia," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Tatu, halafu tatu tena."

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani ni picha."

Akaweka mkono juu ya kasha. "Ulipima chumba changu, Fundi. Ukauliza nyaya, ukauliza umeme. Ukuta hukuuliza, nyuma yake kuna nani. Na mimi niliyejua, niliyempa ahadi yule mama, nilikuwa nanunua ngurumo, sikukumbuka kukwambia."

"Nisamehe, Mzee Mihayo."

"Nikusamehe mimi? Wa kutusamehe tumeshamzika."

Akaondoka, sabufa akaiacha. Watu waliokuwa hapo nje wanasubiri redio zao walisikia yote. Wakaondoka na maneno yake, yakatembea mdomo hadi mdomo, yakafupika mpaka yakawa ule msemo. Mihayo mwenyewe hakumaliza mwaka. Waliokuwa wakimtembelea wanasema seti hakuiwasha tena, na kiti chake aliendelea kukiegemeza kwenye ukuta ule, na nyumba ya pili haina mtu.

Haya, sasa nawauliza nyie. Mmesema mna miezi saba mmepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji. Nyuma ya ukuta wenu anakaa nani?

Miezi saba mnalala hapo na hamjui. Basi rudisheni hiyo sabufa kwenye rafu, leo siuzi. Nendeni mkapige hodi kwa huyo mtu, mjue jina lake, mjue anaumwa nini, mjue akizidiwa anamwita nani. Mkirudi na jibu tutaongea habari za inchi. Ukinunua ngurumo, uliza ukuta.