Vidonge vya Machimboni

Wapo wanaodhani kwamba anayeuliza ni mjinga na anayenyamaza ndiye mwerevu. Kamene alinyamazishwa kwa kejeli, na kimya hicho nusura kimzike.

Kamene alikuwa akiponda kokoto katika machimbo ya mawe huko Lukenya. Kila asubuhi msimamizi wao, Ndolo, aliwagawia wapondaji vidonge viwili viwili vya maumivu ya mgongo kutoka katika mkebe uliobanduliwa karatasi ya jina.

"Dawa hii inaitwaje?" Kamene aliuliza siku ya kwanza.

"Kwani mama wewe ni daktari?" Ndolo akamjibu. "Meza ufanye kazi."

Wenzake wakaangua kicheko, Kasiva akiwashinda wote. Kamene akafyata ulimi, akameza. Maumivu yakatoweka kama umande. Kwa miezi minane alipiga nyundo kama kijana, uso wake ukavimba ukawa mviringo kama chungu, majirani wakamsifu kwamba amenawiri.

Kisha mvua ikajaza machimbo maji, kazi ikasimama. Wenzake wakawa wanavifuata vidonge nyumbani kwa Ndolo, lakini Kamene alikaa kwake. Siku ya nne bila vidonge, Kamene alitapika mfululizo, akaanguka jikoni kama gunia tupu. Binti yake, Mbula, alimkimbiza hospitalini Machakos.

"Mama, unatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Ya mgongo," Kamene alinong'ona. "Jina hatukuambiwa."

Alipopata nafuu, daktari alimweleza. "Dalili zote ni za steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu. Juu ya figo kuna tezi zinazotoa homoni ya kuutegemeza mwili. Vidonge vilipoifanya kazi ya tezi hizo, zikalala. Ulipoviacha ghafla, hazikuamka. Sasa tutakupa dozi na kuipunguza polepole."

Kamene aliwaka hasira. Miezi minane alilishwa kama punda, asijue anacholishwa.

Machimbo yalipofunguliwa, alimkuta Ndolo akigawa vidonge tena.

"Watajie jina la dawa," Kamene alimwambia.

"Ni ya maumivu tu."

"Hilo si jina. Mimi nimelazwa siku tisa kwa kukosa kulijua." Akawageukia wenzake. "Msiviache ghafla, mtaanguka kama mimi. Nendeni hospitalini leo, mbebe kidonge, muulize."

Ndolo aliufunika mkebe wake. Kasiva akaweka nyundo chini, akafunga vidonge vyake katika pindo la leso, akashika njia. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa maana walikuwa wamejionea wenyewe kwamba kuuliza si ujinga.